Dakika Arobaini Mpaka Kigoma

Mume wangu Leonidas alifundisha jiografia miaka ishirini na tisa. Mwamshe usingizini umuulize mji mkuu wa Mongolia, atakutajia. Lakini mtume chumvi dukani kwa Dina, nyumba ya nne kutoka kwetu hapa Makanyagio, atarudi mikono mitupu akisema duka hakuliona. Basi huyo ndiye aliyepima safari ya ndoa ya binti yetu. Nawasimulia mimi mwenyewe, maana yeye akisimulia anaruka nusu.

Binti yetu wa kwanza ni Joséline, ana miaka ishirini na sita, anashona nguo pale sokoni. Mwaka jana akampata kijana anaitwa Rénovat, fundi umeme. Kijana mpole, ana adabu, ukimwekea ugali anakula bila kuchungulia mboga ni nini. Kasoro yake ilikuwa moja tu: kazi yake iko Kigoma, na sisi tuko Mpanda.

Watu wengine wangesema hiyo si kasoro. Lakini ukoo wa mume wangu ni wale waliotoka Burundi mwaka sabini na mbili wakapewa mashamba kule Katumba, na kwao binti haolewi mpaka bibi yake aseme neno. Bibi mwenyewe ni mama mkwe wangu, Gaudiose. Mimi ni Mpimbwe wa Usevya, kusini mwa Mpanda, nimemzoea polepole kama mtu anavyozoea viatu vipya. Mama mkwe akiletewa habari ya mchumba haulizi mali, haulizi hata kanisa. Anauliza kitu kimoja: "Ni umbali gani?"

Jibu lisipompendeza, hapo hapo shughuli imekwisha. Mjukuu wake Fausta alipata mwanamume wa Sumbawanga, akakataliwa. Akaja kuolewa na jirani wa Katumba hapo hapo, na sasa wanagombana kila siku ya Mungu, lakini Bibi anasema angalau ugomvi wenyewe anausikia.

Basi Joséline alipotaja Kigoma, Bibi akatikisa kichwa na kuendelea kupepeta mpunga. Mtoto alirudi nyumbani akalia siku mbili, cherehani imefunikwa kitambaa. Siku ya tatu Leonidas akasimama katikati ya sebule kama anaingia darasani.

"Niachieni mimi," akasema. "Hili ni suala la jiografia."

Akatoa atlasi, akatoa rula. Akapima Mpanda mpaka Kigoma, akaandika, akafuta, akaandika tena. Halafu akachukua simu yake mpya akaanza kutafuta, mpaka akapata ukurasa fulani wa kupima umbali wa viwanja vya ndege. Jamani, alivyopiga kelele, nilidhani nyoka kaingia ndani. Ukurasa ulisema: uwanja wa Mpanda mpaka uwanja wa Kigoma, kilomita mia mbili ishirini na tano, muda wa kuruka dakika arobaini.

"Dakika arobaini, Mama Joséline! Mimi nilikuwa nahesabu basi, kumbe dunia imeshasonga mbele."

"Na ndege yenyewe ipo?"

"Ndege ipo. Si unaisikia ikipita?"

"Ile inakwenda Dar, Baba Joséline."

"Ndege ni ndege," akasema, akavaa kofia, akachukua bodaboda mpaka Katumba.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza dakika arobaini ndiyo kama nini. Leonidas, mnajua mwalimu hakosi mfano, akamwambia: ukibandika maharage Joséline akipanda ndege, atafika Kigoma hata hayajaanza kulainika. Hapo Bibi akaweka ungo chini. Maharage anayajua.

"Kama ni hivyo, si mbali," akasema. "Basi waje nayo hiyo ndege kuposa. Nitakwenda uwanjani mwenyewe niwaone wakishuka. Wakishuka, nitasema neno. Wasiposhuka, msiniletee tena habari za Kigoma."

Jioni Leonidas akampigia simu mshenga wa upande wa kijana, Mzee Ladislas, ambaye ni baba mkubwa wa Rénovat. Akaweka sauti kubwa ili tusikie wote.

"Mzee mwenzangu, Jumamosi mje kwa ndege. Ni dakika arobaini tu."

Nilimsikia mzee wa watu akirudia "ndege" kwa sauti ya chini.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Tutafika."

Kwa watu wa mume wangu, anayekuja kuomba binti habishani na baba wa binti. Ukimwambia jua linachomoza ziwani linazama Tabora, atakwambia ndiyo mzee, hata jana nililiona. Basi Mzee Ladislas akasema sawa, na Leonidas akakata simu anacheka peke yake.

Ijumaa Joséline akanifuata jikoni. Akaniambia Rénovat amempigia: ndege ya kutoka Kigoma kuja Mpanda haipo. Wamekata tiketi za basi, wataondoka kabla ya kuchomoza jua wapitie Uvinza, na Mzee Ladislas amekataza mtu yeyote asimsahihishe baba mkwe.

"Mama, mwambie baba."

"Mwambie wewe."

"Mimi nitaanzaje? Atafedheheka kwa Bibi."

Nikachungulia sebuleni. Leonidas alikuwa anapiga pasi suti yake ya mahafali, anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya pili. Sikumwambia. Nyie mtadhani nilimhurumia. Mh! Niseme ukweli, nusu ya moyo wangu ilitaka wasishuke. Joséline ndiye anayenisaidia kupika, ndiye ninayecheka naye usiku baba yake akikoroma. Kigoma sikuitaka. Nikageuza maandazi kwenye karai.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa uwanja wa ndege, ukoo mzima. Bibi alikuja na kigoda chake mwenyewe, kajifunga vitenge vyake vya sherehe begani, akakiweka nje ya geti akakaa ameelekeza uso juu. Tulileta mtungi wa pombe ya mtama na mirija yake, makreti ya soda, na mkeka. Mlinzi wa getini, kijana wa heshima anaitwa Wiliam, akatuangalia akajikuna shingo.

"Shikamooni. Mnamsubiri nani?"

"Wageni wetu," Leonidas akasema, tai imenyooka. "Ndege ya Kigoma."

Wiliam akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia makreti.

"Mwalimu, leo hakuna ndege," akasema polepole. "Na ya Kigoma haijawahi kuwepo. Mtu wa Kigoma akitaka kuja huku kwa ndege, anaruka mpaka Dar kwanza. Analala huko. Halafu anasubiri siku ya ndege yetu, anapitia Tabora, ndiyo anafika."

"Dar es Salaam?"

"Ndiyo, Mwalimu. Karibu kilomita elfu mbili."

Yaani uende kwa jirani yako, lazima kwanza ukaone bahari! Nilikaribia kucheka nikajiziba mdomo kwa kanga. Leonidas akatoa simu, akaifungua pale pale, akamwonyesha Wiliam ukurasa wake.

"Hii hapa. Kilomita mia mbili ishirini na tano. Dakika arobaini."

Wiliam akasoma yote, kwa adabu kabisa, akamrudishia simu.

"Kilomita zipo, Mwalimu," akasema. "Ndege ndiyo haipo."

Mume wangu akaja akasimama pembeni yangu. Jasho lilikuwa limelowesha kola ya suti.

"Mama Joséline, ulijua?"

"Nilijua tangu jana."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Miaka ishirini na saba niko na wewe, hujawahi kuniuliza njia hata siku moja."

Akaenda akakaa juu ya kreti la soda, mikono kwenye magoti. Moyo uliniuma kidogo, lakini kidogo tu.

Bibi hatukumwambia neno. Masikio yake husikia anayotaka, na siku hiyo yalikuwa yamefungwa. Alikaa anaangalia juu, saa tano, saa sita, saa nane. Alipita mwewe mmoja, Bibi akamfuata kwa macho mpaka akapotea. Joséline alikuwa anazunguka na simu yake, kila mara ananinong'oneza: wamefika Mishamo, tairi limepasuka, basi limekwama, wamesukuma, wanakuja. Midomo yake ilikuwa imekauka na hakutaka hata maji.

Saa tisa na nusu bajaji mbili zikaingia kutoka upande wa stendi, nyuma ya mgongo wa Bibi. Wakashuka wageni watano. Jamani, jamani! Mzee Ladislas alikuwa amevaa suti, lakini rangi yake huwezi kuitaja, maana lile vumbi jekundu lilikuwa limempaka tangu kisogoni mpaka kwenye soksi. Rénovat alibeba dumu la mawese begani na mfuko wa dagaa mkononi, kope zake nyekundu kama za mtu aliyechimba kisima. Wakajipanga mstari, wakajikung'uta. Vumbi likaruka likamfikia Wiliam getini, akapiga chafya.

Bibi akageuka na kigoda chake.

"Hawa ni nani?"

"Ni wageni wetu, Mama," Leonidas akasema kwa sauti ndogo.

"Wameshuka saa ngapi? Mimi sijaona kitu juu."

Mzee Ladislas akamwangalia Leonidas, akaona uso wake, akaelewa yote. Akavua kofia.

"Tumeshuka salama, Bibi," akasema. Na kweli, kwenye bajaji alikuwa ameshuka.

Sasa kuna desturi moja ya hao watu wa mume wangu, nami nimeipenda tangu nilipoingia kwao. Mgeni wa posa hakai, wala hashiki mrija, mpaka asimulie njia. Aseme alilala wapi, alipitia wapi, aliona nini, alichoka wapi. Akishamaliza ndipo anapewa kigoda. Leonidas alitaka twende nyumbani kwanza, lakini Bibi akakataa kuinuka.

"Nimesema hapa, itakuwa hapa. Tusimulieni njia."

Mzee Ladislas akasimama wima. Nilimhurumia. Akisema walikuja kwa basi, amemwita baba wa binti mwongo mbele ya mama yake mzazi. Akisema ndege, anamdanganya bikizee ambaye angeweza kuwa mama yake.

"Tuliamka Kigoma mapema," akaanza. "Tukasali. Tukapanda."

"Mkapanda nini?"

"Tukapanda, Bibi. Tukaanza safari."

"Mkapitia wapi?"

"Tulipitia..." Akatupa jicho juu. "Juu ya Uvinza."

Bibi akamwita kwa kidole. Mzee akasogea. Bibi akapitisha kidole kwenye mkono wa koti lake, akakiinua kikiwa chekundu, akatuonyesha wote mmoja mmoja kama padri anayetoa majivu.

"Huko juu ya Uvinza wanalima?"

Fausta akaangua kicheko, na bodaboda waliokuwa wanatazama wakadakia, hata Rénovat akainamia dumu lake mabega yakitikisika. Mzee Ladislas mwenyewe alicheka mpaka vumbi likaanguka kwenye nyusi.

"Njia ya mwongo fupi," Bibi akasema. "Nilikuwa najiuliza hii ya dakika arobaini ni ya nani."

Leonidas akainuka kwenye kreti. Akaja akapiga magoti kwa mama yake, na suti ile ya mahafali.

"Mama, ni yangu. Mzee Ladislas hana kosa. Nilisoma umbali nikadhani nimesoma ndege. Wametoka alfajiri kwa basi, wamekaa njiani zaidi ya saa kumi."

Kicheko kikaisha. Joséline alikuwa amesimama nyuma yangu, amenishika kanga kiunoni kama alivyokuwa anashika akiwa mdogo tukivuka barabara. Sote tulikumbuka alichosema Bibi: wasiposhuka, msiniletee tena habari za Kigoma. Nikaona anakusanya vitenge vyake ainuke, nikajua imekwisha.

Hakuinuka. Alinigeukia mimi.

"Mukazana wangu," akasema. Ndivyo anavyoniita, mke wa mwanawe. "Wewe uliolewa kutoka Usevya. Siku mama yako alipofariki, ulifika?"

Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Leonidas akanitazama kwa macho ya kuomba. Nilijua nikisema ukweli, nimeivunja posa ya mwanangu kwa mdomo wangu. Na ile nusu ya moyo wangu, ile mbaya, ikaniambia: sema, abaki. Nikatamani kuwadanganya wote wawili, Bibi na moyo wangu. Lakini mama ni mama. Sikuweza kumsemea uongo.

"Sikufika," nikasema. "Ilikuwa masika. Maji yalikata barabara mbele ya Sitalike, tukalala pale siku mbili tunasikia viboko wakikoroma mtoni. Nilifika siku ya tatu. Kaka yangu Eustace akanipeleka shambani, akanionyesha udongo. Wasingeweza kunisubiri, ilikuwa joto."

"Na siku ya mahari yako walimwambia mama yako ni umbali gani?"

"Leonidas alimwambia ni hapo tu."

Mume wangu akainamisha kichwa, bado yuko magotini. Sikukusudia kumuumiza. Lakini ndivyo alivyosema, na mama alimwamini akanifungia mkate wa njiani kwenye kitambaa chake, kana kwamba nitarudi kesho yake kumrudishia.

"Unajuta?"

"Kuna siku najuta," nikasema. "Leo asubuhi ilikuwa mojawapo." Watu wakacheka kidogo, na mimi nikacheka, machozi yananitoka. "Lakini kuolewa sijutii, Mama. Ninachojutia ni kwamba sikumuaga. Niliambiwa ni karibu, nikaondoka naimba."

Bibi akaupapasa mguu wa kigoda chake.

"Mimi nilikimbia Burundi nimembeba huyu mgongoni," akasema, akimgusa Leonidas kichwani. "Alikuwa hajaanza kutembea. Mama yangu alikataa kukimbia, alisema miguu inauma. Akaniambia, vukeni tu, ni hapo ng'ambo, wiki ijayo mtarudi. Nikamuaga kama naenda kisimani. Hata sikugeuka. Mpaka leo sijui wamemzika wapi."

Leonidas alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Nilimwona usoni. Miaka hamsini na kitu, na mwalimu wa ramani hakulijua.

"Kila anayekuja kuposa ananiambia ni karibu," Bibi akaendelea. "Wa Sumbawanga alisema ni karibu. Wa Tabora alisema ni karibu. Nyie mnadhani nawakatalia umbali. Mimi nakataa kuambiwa ni karibu. Sasa, Ladislas, niambie vizuri. Kigoma ni umbali gani?"

Mzee Ladislas akajifuta uso kwa kofia. Akamwangalia Leonidas, na Leonidas akaitikia kwa kichwa.

"Ni mbali, Bibi," akasema. "Mvua ikinyesha ni mbali zaidi. Tairi lilipasuka, halafu basi likakwama mchangani, tukasukuma. Kijana huyu alisukuma amebeba dumu, maana alikuwa anaogopa mawese yako yasimwagike."

Bibi akamtazama Rénovat kuanzia viatu mpaka kope. Kisha akamwita Joséline. Binti yangu akaniachia kanga, akaenda akachuchumaa mbele ya kigoda. Bibi akamshika uso kwa mikono yote miwili.

"Umesikia? Ni mbali. Nikiugua hutafika. Mama yako akiugua, huenda usifike. Mtu asije kukudanganya."

"Nimesikia, Bibi."

"Na bado unamtaka?"

Joséline akajibu bila kumwangalia kijana. "Namtaka, Bibi."

"Basi mpeni mgeni kigoda," Bibi akasema. "Nimesema neno."

Fausta akapiga vigelegele mpaka bodaboda wakapiga honi. Mzee Ladislas akakaa, akapewa mrija, akavuta pombe ya mtama kama mtu aliyetoka jangwani, na Wiliam naye akaletewa soda getini kwake. Leonidas alibaki magotini pale pale, akiwa ameegemeza kichwa kwenye mapaja ya mama yake, na suti yake imechafuka kuliko ya mgeni.

"Wewe nenda kwa mama yako," Bibi akamwambia Joséline. "Muage."

"Lakini Bibi, harusi bado. Hata mahari hatujapanga."

"Muage. Anza leo. Mtu anayekwenda mbali, kuaga kwake hakumaliziki siku moja."

Basi Joséline akaja. Nilitaka kumtania, nikamwambia mwanangu, ngoja kwanza, jioni tunarudi wote nyumbani na vyombo hivi unaviosha wewe. Hakucheka. Akanikumbatia pale mbele ya geti, kwa nguvu, akaweka uso wake shingoni kwangu, na kila nilipojaribu kulegeza mikono alikaza yake.